Kiatu cha Kushoto cha Shemeji

Wengi wanaomjua shemeji yangu wanamjua kwa dakika moja tu. Ni ile dakika ya kwenye filamu: mzee aliyekaa nyuma ya ngoma anainama, anavua kiatu mbele ya ukumbi mzima, kipande cha sponji kinadondoka, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Tangu hapo akaitwa Godoro. Wajukuu zake shuleni ni wajukuu wa Godoro. Juzi dukani mwanamke mmoja ambaye sijawahi kunywa naye hata maji aliniuliza, "Eti na wewe ni wa kwa Godoro?" Nikamjibu kwamba mimi ni mjane wa Mwalimu Mkuu, na kwamba huyo anayemwita Godoro ndiye aliyevisha makochi ya nusu ya mji huu, labda na hilo analojinyooshea yeye kila jioni. Akacheka tu, akaendelea kuchagua vitunguu.

Basi naandika. Alipokuwa hai alinikataza. Sasa hawezi kunikataza.

Alikuwa mdogo wake marehemu mume wangu. Mume wangu aliongoza shule, yeye alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: fremu za viti zimening'inia darini kama mifupa, cherehani mbili mlangoni ambako mwanga unatosha, na kule ndani marundo ya sponji, nyeupe laini ya migongo na ya njano ngumu ya makalio. Alizoea kuongea na wateja huku misumari midogo amebana midomoni, na ajabu ni kwamba walimwelewa. Akimaliza kuvisha kiti alikipiga kwa viganja, pembe hii na pembe ile, ameinamisha kichwa. Kiti kilichovutwa sawasawa, alisema, kinatoa sauti moja popote unapokigusa. Kikitoa mbili, alibandua kitambaa chote na kuanza upya, hata kama mwenye kiti anasubiri nje na mkokoteni.

Kwa viganja hivyohivyo alipiga ngoma kwenye bendi ya Radi.

Mume wangu hakuipenda habari hiyo. "Ukoo wetu una walimu, una wauguzi, una karani wa mahakama," alisema siku moja mezani, "na una mmoja anayepiga ngozi."

"Kaka, wewe unapiga watoto wa watu," shemeji akamjibu, mdomo umejaa chakula. "Mimi napiga ngozi tu. Mwenye dhambi hapo nani?"

Mume wangu hakucheka. Mimi nilicheka, nikajifanya nimepaliwa.

Radi kila mtu alimjua. Ujanani alikuwa mfalme wa roki, suruali ya ngozi, gitaa la umeme, spika zinazotetemesha mabati ya jirani. Wasichana walizimia. Kisha miaka ikafanya kazi yake: sauti ikakwaruza, sikio moja likaziba, na vijana wakapata wafalme wengine. Ndipo alipotangaza kwamba amerudi kwenye mizizi. Akaweka gitaa la umeme kabatini, akachukua gitaa kavu, akatafuta mpiga marimba, mpiga zeze, wanawake wawili wa kuitikia, na shemeji yangu kwa ngoma. Nyimbo za kulimia na za kubembelezea watoto, walizokuwa wakiimba bibi zetu, alizipiga kwa ukali wa roki bila umeme wowote. Nasema kweli hata kama simpendi: muziki ulikuwa mzuri. Lakini ulikaa pamoja kwa sababu ya ngoma. Radi alikuwa mtu wa kukimbia mbele kama mbuzi aliyekata kamba, na aliyemrudisha njiani kila mara, bila wasikilizaji kujua, alikuwa fundi wa makochi.

Bendi ilikuwa na sheria. Ukikosea kwenye mazoezi unavua kiatu, unakiweka mbele yako mahali wote wanapokiona, unaendelea kupiga. Ukikosea tena unavua cha pili, na mazoezi yakiisha unafagia ukumbi pekupeku huku wenzako wanakuimbia. Mpiga marimba alinunua kandambili makusudi, asipate shida ya kufungua kamba. Wanawake wa kuitikia walifagia, mpiga zeze alifagia. Radi hakufagia hata siku moja. "Mwenye bendi havui," alisema, na hilo likawa sehemu ya sheria.

Shemeji naye hakuwahi kuvua, na kwake ilikuwa kwa kuwa hakuwahi kukosea. Miaka yote ya bendi ile, hata kosa moja. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akijisifia. "Shemeji," alikuwa akiniambia akija kunisalimia, "kwenye dunia hii kuna watu wawili tu hawajavua: Radi kwa kiburi, na mimi kwa viganja."

Baadaye sababu zikawa mbili. Kisukari kilimpata, kidonda kikaingia mguu wa kushoto, na hospitali wakamkata vidole vitatu. Tuliojua tulikuwa yeye, mke wake na mimi. Alirudi karakana, akachukua kipande cha sponji ya njano, akakikata kwa kisu mpaka kikawa na umbo la vidole vilivyokosekana, akakisukuma mbele ya kiatu. Akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani na kurudi. "Unaona kitu?" akaniuliza. Sikuona kitu. Alitembea kama mtu yeyote wa umri wake.

Mke wake alitaka amwambie Radi. Shemeji akakataa kabisa. Mpiga zeze wa kwanza alipoanza kusumbuliwa na macho, Radi alimwambia apumzike kidogo, na hajaamshwa hadi leo. "Akijua mguu umepunguzwa, na mimi atanipunguza," alisema. Kwa hiyo alipiga bila kosa, na ile sheria ya kiatu haikumfikia.

Ndipo wakaja watu wa filamu.

Mwongozaji alikuwa kijana msomi, mwenye kofia asiyoivua ndani ya nyumba. Alitaka kupiga picha onyesho zima la bendi, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, mbele ya watu, bila kusimama wala kurudia. Radi ndiye aliyesisitiza hilo la kutorudia. "Sisi tunapiga kama tunavyopumua," alimwambia. "Nani anarudia pumzi?"

Shemeji alikuja kwangu na shati jipya kwenye mfuko, anataka nimwambie kama rangi inamfaa. Ilimfaa. Akakaa, akakoroga chai bila kuinywa.

"Shemeji, makochi yanachanika," alisema. "Nikifa, baada ya muda hakuna kitambaa changu hata kimoja kitakuwa juu ya kiti. Kanda zote tulizorekodi zimeandikwa Radi, Radi, Radi. Hii filamu wajukuu wataniona. Wataona mikono."

"Na sura," nikasema.

"Sura waiache. Mikono."

Aliniomba niende, nikae mahali pa kaka yake. Marehemu hakwenda kumwona hata mara moja, nami kwa kumheshimu sikuwa nimekwenda. Safari hii nilikwenda, kwa sababu jambo linalobaki milele linahitaji shahidi kutoka nyumbani.

Ukumbi ulikuwa jumba la zamani la sinema. "Safu ya tatu," aliniambia mlangoni, akinishika kiwiko, "ukikaa, jua umekalia kazi yangu." Alikuwa amevisha safu tano za mbele mwaka uliotangulia. Nikakaa. Kiti kilikuwa imara kama mkeka uliotandikwa juu ya mbao nzuri. Mke wake akakaa kando yangu, mikono ameifunga mapajani.

Walipiga vizuri mno. Shemeji alikuwa amefunga njuga mguu wa kulia, juu ya kiatu, anazitikisa kwa kisigino huku viganja vinafanya yao. Kamera moja ilikuwa inamzunguka kama nzi.

Karibu na mwisho ukaja wimbo ambao una beti tatu. Baada ya ubeti wa tatu ngoma inapiga mapigo mawili makavu, vyombo vyote vinanyamaza, na Radi anamalizia mstari wa mwisho peke yake, kimya kimezunguka sauti yake. Watoto wetu wote waliujua mpangilio huo. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Na Radi, ambaye alikuwa amefumba macho na kuinua kidevu kwa ajili ya kamera, akaanza mstari wa mwisho.

Aliruka ubeti mzima. Marimba iliendelea upande mmoja, zeze upande mwingine, wanawake walikuwa wameshafungua midomo kuingia ubeti wa tatu. Alikuwa ametoa maneno mawili tu. Shemeji akapiga mapigo yake mawili makavu hapohapo, kila chombo kikanyamaza, na Radi akamaliza mstari kwenye kimya kama ilivyotakiwa. Kama si mapigo yale, wimbo ungesambaratika mbele ya watu wote. Alimwokoa. Nilikuwa safu ya tatu, sikusimuliwa.

Watu walipiga makofi ya mashaka, maana waliosikia wimbo huo zamani walijua kuna kitu kimepungua. Radi akafumbua macho. Nilimwona akihesabu kichwani nini kimetokea, na nilimwona akijua. Kisha akatabasamu, akageukia nyuma na kipaza sauti.

"Jamani, mzee wangu ana njaa. Amekula ubeti mzima!"

Ukumbi ukacheka.

"Na kwetu sisi, anayekula ubeti anafanya nini?"

Mpiga marimba akatazama fimbo zake. "Anavua kiatu," akasema chini chini.

"Sisikii!"

"Anavua kiatu!" wanawake wakaitikia, kwa kuwa ndiyo kazi yao, kuitikia. Watu wakadaka: kiatu, kiatu, kiatu.

Shemeji hakusogea. Alisema taratibu, "Radi, umeruka wewe."

Radi akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Bado anacheka kwa meno. "Vua, mzee, kamera zinatembea. Usiniharibie."

Mke wa shemeji akaninong'oneza, "Atoe cha kulia. Mungu wangu, atoe cha kulia." Na kweli shemeji aliinama, akaanza kufungua njuga.

"Aa-aa!" Radi akafunua kipaza sauti. "Njuga tunazitaka bado. Huo mwingine."

Ningependa kuandika kwamba alisimama akaondoka. Aliutazama ukumbi, akaitazama kamera, na nadhani aliwaza filamu isiyorudiwa na mikono yake iliyokwisha kuingia humo. Akavua cha kushoto. Sponji ikatoka nacho, ikadunda mara moja kwenye mbao za jukwaa, ikatulia mbele ya Radi.

Radi akaiokota. Akaiminya kwa vidole, akaiinua juu ili kamera iione.

"Kumbe mzee anatembelea godoro!"

Waliokaa safu za mbele waliona soksi ilivyolala bapa pale ambapo vidole vilitakiwa kuwa, wakanyamaza mmoja mmoja. Radi naye aliona. Aliitazama soksi ile muda wa kutosha mtu kuelewa, kisha akasikiliza kicheko cha nyuma ambacho kilikuwa bado kinapanda, akairusha sponji kwa watu. Walioko nyuma waligombania kuidaka.

Nyimbo mbili zilizobaki shemeji alizipiga mguu ukiwa na soksi peke yake. Hakukosea.

Hakuna aliyerudisha sponji. Alitoka kwa mlango wa nyuma na kiatu kitupu kinachomteleza, mkono mmoja begani kwa mke wake na mwingine kwangu, mbele ya watu, kitu ambacho hakuwahi kukubali hata alipotoka hospitali. "Wataikata," alisema. "Nimemwomba mwongozaji. Amesema tutaangalia." Mimi mwalimu mstaafu, nimezungushwa sana maofisini. Najua mtu anayesema tutaangalia amekwisha kuangalia.

Nilimfuata mwongozaji kwake, chumba chenye pazia jeusi na viti vya magurudumu. Akanionyesha kwa heshima zote, akanipa na maji. Niliona Radi amefumba macho, kisha mikono ya shemeji ikipiga mara mbili, kisha mstari wa mwisho. Yale maneno mawili ya Radi yaliyotangulia mapigo hayakuwepo.

"Maneno mawili yako wapi?" nikamuuliza.

"Maneno gani, Bi Mkubwa?"

"Aliyoanza nayo kabla ya ngoma. Hapo umeyakata. Sasa inaonekana ngoma ndiyo iliyokosea."

Akavuta kofia yake. "Filamu si mahakama, Bi Mkubwa."

"Wala si machinjio."

"Niseme ukweli? Bila sehemu hii nina wazee sita wanapiga muziki. Nani atalipia kuona hivyo?"

Nilimwomba kwa jina la marehemu mume wangu, ambaye alimfundisha baba yake. Akanisindikiza hadi mlangoni vizuri sana.

Filamu ilipoonyeshwa, shemeji alivaa lile shati na kupaka viatu rangi. Alikuwa ameambiwa bado wanaangalia. Sehemu ile ndiyo waliyoitanguliza, ya kwanza kabisa, kabla hata ya jina la filamu. Mjukuu wake mdogo alicheka na wengine kwa sababu hakujua kwamba huyo ni babu. Kisha akajua, akaendelea kucheka kidogo kwa kuwa wote walikuwa wanacheka, kisha akaanza kulia. Shemeji alimpakata mpaka mwisho. Mikono yake ilionekana mara nyingi, nzuri kweli. Hakuna aliyeizungumzia.

Kesho yake Radi alikuja karakana. Mialiko ilikuwa imeanza kumiminika na kila aliyealika alitaka kile kiatu.

"Mzee wangu, umekuwa maarufu," alisema, amekaa juu ya kochi la mteja bila kukaribishwa. "Kila onyesho, wimbo uleule, unavua. Dakika moja tu."

"Nitavua," shemeji akasema, misumari mdomoni. "Lakini useme uliruka wewe. Kila onyesho. Useme ndiyo nivue."

"Nikisema ni mimi, nani atacheka?"

Shemeji akatema misumari kiganjani. "Basi tafuta mwingine."

Radi akatafuta mwingine. Alipata kijana wa ngoma mwenye vidole vyake vyote kumi, na kwa kuwa mchezo ulishakuwa mchezo, wakawa wanamtilia sponji kwenye kiatu. Mpiga marimba ndiye aliyetumwa kuinunua, na alikwenda kwa fundi wa makochi anayemjua. Alisimama mlangoni akijikuna, akaeleza. Mke wa shemeji alikuwepo. Anasema shemeji alikwenda kwenye marundo kule ndani. Alichukua ile ya njano ngumu, akaikata kwa kisu, akaipunguza pembe, akaitazama kwenye mwanga, akapunguza tena. Hakujua kukata kitu vibaya.

Sisemi kwamba Radi alimuua. Nasema kidonda cha mwisho kilianza jioni ile, kwa kutoka ukumbini ndani ya kiatu kitupu, na daktari aliniambia hivyo akinitazama machoni. Kilipanda taratibu. Waliukata mguu chini ya goti, halafu ikawa kumechelewa. Alikuwa akilala anapiga ukuta kwa viganja, pembe hii na pembe ile. Nilipomwambia nitaandika, alisema, "Usiandike, shemeji. Watasema Godoro analalamika."

Siku ya kuzika Radi alikuja na miwani myeusi, na nyuma yake mwongozaji na kamera begani kwa mtu. Tulikuwa tumemaliza kufukia. Watu wakampisha. Akafungua mfuko, akatoa kiatu kimoja cheusi kinachong'aa, akakiweka juu ya udongo, akajisogeza ili kamera ipate vyote viwili, yeye na kiatu.

"Mzee wangu," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, "hiki ni chako. Pumzika."

Mwanamume mmoja kati ya majirani alicheka puani kabla hajajizuia.

Nilikwenda nikakiokota. Kamera ikanifuata.

"Kiatu hiki ni cha nani?" nikauliza.

"Ni cha kumbukumbu, Bi Mkubwa. Kama kile chake."

"Chake kilikuwa cha kushoto. Hiki ni cha kulia."

Radi akakitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikitazama.

"Na kama leo ni siku ya kuvua," nikasema, na nilihakikisha wa nyuma kabisa wananisikia, kwa maana nimesimama mbele ya madarasa miaka mingi, "vua hicho ulichovaa. Uliruka ubeti wa tatu wewe, ukamvisha yeye kosa lako, na ulipoona mguu wake ukaendelea."

Mpiga marimba alikuwa amesimama karibu na mti wa uzio. Aliinama, akavua viatu vyake vyote viwili, akavishika mkononi. Radi hakumtazama. Alimtazama mwongozaji, na mwongozaji akamgusa mtu wa kamera begani. "Zima," akasema.

"Shemeji, huu si wakati wake," Radi akaniambia kwa upole mwingi, kamera ikiwa imeshushwa.

"Usiniite shemeji. Hakuna kaka yako aliyenioa."

Wakaondoka na gari lao. Filamu bado inaonyeshwa, na haya niliyoyasema hayamo popote. Mpiga marimba hakuitwa tena kwenye mazoezi.

Kiatu ninacho, chini ya kabati la marehemu mume wangu. Wajukuu wa shemeji wakija huku wamelia kwa sababu ya jina lile, nakitoa nawaonyesha. Ni cha kulia, hakijavaliwa na mtu yeyote, na huku mbele bado kimejazwa karatasi ya dukani. Wakiniuliza cha babu kiko wapi, kile cha kushoto, nawaambia kilitupwa na bibi yao siku ile aliporudi naye kutoka hospitali, kwa kuwa hapakuwa tena na mguu wa kukivaa.